Mgeni Aliyejua Mlango wa Stoo

Mlango wa stoo yetu haufunguki kwa kusukumwa. Unaunyanyua kidogo kwa mkono wa kushoto, unaupiga goti chini kabisa karibu na bawaba, halafu unaungoja uamue wenyewe. Shangazi wa mume wangu, aliyeanza kuingia nyumba hii kabla mimi sijazaliwa, mpaka leo huniita nimfungulie.

Mgeni wa chumba cha mwisho aliufungua siku ya kwanza bila kufundishwa na mtu.

Nilikuwa nimemwambia ndoo iko stoo, kisha nikakumbuka mlango, nikamkimbilia nimsaidie. Nikamkuta ameshaunyanyua, ameshapiga goti, na mlango uko wazi. Hakuingia. Alisimama ameushikilia, uso umempauka kama wa mtu aliyepewa habari ya msiba, na mimi nikasimama nyuma yake. Goti lile nililijua. Ni mume wangu tu aliyekuwa akilipiga vile, bila hata kuangalia, huku akiongea mambo mengine.

Nikajiambia ni bahati tu. Nikamwonyesha bomba lilipo, nikaenda zangu kupiga pasi.

Nyumba yetu ina vyumba vinne vya wageni, mtaa wa nyuma ya stendi, na ukipanda kwenye paa unaona mabasi yakipinda kona ya kiwanda cha pamba. Tunaiendesha wawili, mimi na mama mkwe. Yeye ni jiko na mazungumzo, mimi ni mashuka, sakafu na kitabu cha wageni. Mume wangu aliondoka miaka minne iliyopita, begi moja mgongoni, kwenda kuitembea dunia kwa mwaka mmoja, polepole, kwa vihela vyake vya kuungaunga, kabla hatujapata watoto wa kutufunga miguu. Mwaka ule alikuwa akipiga simu. Kisha pakawa kimya. Miaka mitatu ya kimya, si barua, si salamu, si mwili.

Mama mkwe hakulia, maana kwake kulia kulikuwa ni kukubali. Badala yake aliweka sheria. Chumba cha mwisho, kile alicholala mume wangu kabla hatujaoana, kitakuwa cha msafiri anayekuja peke yake, kwa nusu ya bei, na chakula juu yake. "Anayetembea peke yake ni mtoto wa mtu," aliniambia. "Mimi nikimlaza wa mwenzangu, mwenzangu atamlaza wangu." Wakaja wa kila namna. Mmoja alilipiga picha jiko letu pande zote nne na hakuwahi kumuuliza mwenye jiko anaitwa nani. Mwingine alilia siku ya kuondoka mpaka akamlowesha mama mkwe bega, akaahidi kuandika, mpaka leo bado anatafuta kalamu.

Huyu alikuwa tofauti. Alikuja kwa miguu kutoka stendi, akawasalimia majirani wote njiani kabla hajauliza bei. Mashati mawili, viatu vilivyotiwa kiraka mara tatu, na umri wa miaka thelathini na kitu. Safarini alikula wanakokula madereva. Alikuwa ametembea nchi sita, na kila alikopita alikaa mpaka akajua nani kamkosea nani. Mama mkwe akamwita Kobe. "Nyumba yake iko mgongoni," alisema, "na hana haraka hata ya kufa." Kwenye kitabu, pale pa jina, aliandika "Msafiri" tu, na mimi nikamwachia.

Aliomba siku tatu, akakaa wiki saba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Alikaza miguu ya vitanda, akaziba tundu la mfereji wa paa, akanisaidia mashuka kila Jumatatu. Nami nilimpenda, sina sababu ya kuzunguka. Nilimpenda na kumwogopa kwa pamoja. Maana kila nilipomsahau mume wangu kwa sababu yake, yeye mwenyewe alinikumbusha. Alikuwa akiiruka ngazi ya nne iliyolegea kabla hajaambiwa kwamba imelegea. Siku moja alisimama uani akauliza, "Ule mpera uliokuwa hapa ulikatwa?" Mpera tuliukata miaka miwili kabla hajakanyaga mtaa wetu. Nikamuuliza nani kamwambia habari za mpera, akasema ameona kisiki. Kisiki tulikuwa tumeking'oa.

Usiniulize nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza kwamba mume wangu amerudi ndani ya mwili wa mtu mwingine, na kwamba nikiuliza sana ataondoka tena.

*

Jumapili shangazi alikuja. Hakukaa hata tukampa maji.

"Yule mwanamume anaondoka lini?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Anaondoka lini?"

"Si umuulize mwenyewe?"

"Nakuuliza wewe unayemfulia. Mke wa mtu ni sumu, hajaambiwa huko anakotembea?"

"Shangazi, hatujafanya lolote baya."

"Sijasema mmefanya. Nimesema mnatazamana. Mtaa mzima unawaona juu ya ukuta mnavyokunja hayo mashuka. Shuka moja robo saa! Mnakunja shuka ninyi au mnasoma gazeti?"

Mama mkwe alicheka kutoka jikoni. Shangazi hakucheka. Alinishika mkono, na sauti yake ikashuka.

"Mwanangu, mimi si adui yako. Niambie kitu kimoja. Wewe ni mke au ni mjane? Kama ni mke, mwondoe huyo. Kama ni mjane, sema, tukae chini tulie, tumalize, uolewe hata kesho na mimi nitapiga vigelegele. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, ndio unaotuaibisha."

"Mjane kwa ushahidi gani?" mama mkwe aliuliza kutoka jikoni. "Wifi, umeuona mwili wa mwanangu?"

"Sijauona."

"Basi mwanangu yuko hai. Huyo ni mke wake, na Kobe ni mgeni wangu."

"Vizuri. Ijumaa nakuja na kaka yangu. Mgeni wako nisimkute."

Hakujua kwamba siku moja kabla Kobe alikuwa ameniambia, "Nimechoka kutembea. Nataka kukaa, na si kwa ajili ya chumba." Nami nikamwambia anipe muda mpaka Jumatatu. Usiku na mchana nilikuwa nimepima, nikafika mwisho. Nitakubali. Nitamwambia mama mkwe uso kwa uso kwamba mimi ni mjane, kwa ushahidi au bila ushahidi, na kwamba nataka kuishi. Lakini kwanza nilitaka kujua nakubali nani.

*

Jumatatu jua lilikuwa kali, na mashuka kumi na moja yalikauka kabla ya saa nne. Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili. Mnashika ncha, mnavuta, mnakutana katikati, mmoja anachukua kutoka mikononi mwa mwenzake. Tulikuwa tumekutana hivyo Jumatatu sita, na kila mara vidole vyake vilichelewa kidogo kwenye vyangu.

"Una jibu langu?" aliuliza tulipokutana kwenye shuka la pili.

"Ninalo."

"Basi nipe, maana tangu juzi chakula hakipiti."

"Kwanza nina swali. Nani alikufundisha mlango wa stoo?"

Aliachia. Ncha zake zikaanguka, shuka jeupe likalala kwenye vumbi, na sikuliokota.

"Nilijaribu tu, ukafunguka."

"Usinifanye mtoto. Nyumba hii ina fundi seremala jirani, hajaweza. Na ngazi ya nne? Na mpera? Wewe ni nani?"

Alitazama jikoni, ambako mama mkwe alikuwa akiimba peke yake. Kisha akanitazama mimi, na nikajua kabla hajafungua mdomo. Mwili hujua mapema.

"Mumeo ndiye aliyenifundisha," alisema.

Nilishika kamba ya nguo.

"Yuko wapi?"

"Amefariki. Miaka mitatu sasa. Samahani. Nilipaswa kuanza na hilo siku ile ile, mlangoni."

Nimewahi kusoma kwamba mwanamke akipewa habari ya namna hii huzimia. Mimi niliokota shuka nikaanza kulipangusa vumbi.

"Sema yote," nilimwambia. "Na usiniruke hata ngazi moja."

"Tulikutana kwenye nyumba ya wageni, mji mdogo, nusu siku kwa basi kutoka kwetu. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza safari yangu. Yeye alikuwa ameibiwa begi wiki moja kabla, na kitambulisho na simu vikaenda nalo. Bila kitambulisho hakuna aliyempa chumba. Nikamwambia aingie changu, wapangishaji hawatajua. Na kusema kweli na mimi nilitaka kugawana bei. Tukaandika jina moja kitabuni. Langu."

"Halafu?"

"Siku tisa tulikaa. Wasafiri wa bei ya chini hatuulizani majina, tunaulizana umetoka wapi na chumba kule ni shilingi ngapi. Mimi nilimwita Kaka, yeye akaniita Mdogo Wangu. Lakini nyumba hii alinipa yote. Mlango, ngazi, mpera, kona ya mabasi, mama yake anavyokunywa chai bila sukari na kuisingizia sukari kwamba imepanda bei. Na wewe. Alisema unaunguza kola za mashati na kusema zilikuja hivyo dukani."

Nikacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi, ila kilitoka, na ndicho kilichonivunja. Nikakaa chini juu ya mashuka safi.

"Siku ya saba homa ilimshika. Ya tisa nikaona hali si nzuri, nikaondoka kwenda mji wa jirani kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Nilidhani nitarudi jioni. Nilirudi baada ya siku mbili, mvua ilikata barabara ya upande ule. Nikakuta wameshamzika. Mwenye nyumba aliponiona aliangusha sinia. Kwake mimi ndiye niliyekuwa chini ya udongo, maana uso wa maiti hakuuona, aliambiwa tu mgeni wa chumba kile amekufa. Walifungua kitabu, wakaona jina, wakapeleka habari kwetu, ndugu zangu wakaja wakazika wakaondoka. Sanda ilikuwa imeshafungwa, na kwa hali ya joto hawakuifungua."

"Kwa hiyo kaburi la mume wangu..."

"Lina jina langu."

Mama mkwe jikoni aliacha kuimba, akakohoa, akaendelea.

"Nilitaka kusema," alisema. "Nikaona nitaulizwa nilimficha mtu chumbani kwa nini, nilimwacha mgonjwa kwa nini, nilimfanya nini. Nikakimbia kabla hajainuka, akabaki kudhani ameona mzimu. Kisha nikaapa nitaitafuta nyumba hii niwaambie. Alitaja mkoa tu na kiwanda cha pamba kando ya stendi. Stendi zenye kiwanda cha pamba kando ni nyingi. Nilifanya kazi, nikasafiri, nikafanya kazi, nikasafiri. Nyumba kumi na tatu nimelala nikijaribu milango ya stoo. Wa kwenu ukafunguka. Nikageuka niseme, mama akaniwekea sahani akaniambia, 'Kula mwanangu, na wangu anakula kwa mwenzangu huko aliko.' Nikashindwa. Kesho yake nikashindwa. Halafu nikakupenda wewe, na kila siku deni la maneno likawa kubwa zaidi."

"Wiki saba umelala kwenye kitanda chake!" nilimpigia kelele za chini, zile za kuuma meno. "Umekula sahani yake. Umenishika vidole huku unajua nimekuwa mjane. Shangazi yuko hapa jana ananisulubu, na jibu la swali lake umeliweka kwenye begi lako!"

"Najua."

"Hujui! Unajua nini wewe? Mimi na yeye tuligombana asubuhi ile anaondoka. Nilimwambia, nenda, ukishachokwa na dunia ndiyo urudi. Miaka minne nakula na maneno hayo, nalala nayo." Nilikuwa nalia sasa, na sikujali ukuta wala majirani. "Kwa hiyo nijibu hili moja, na ukinidanganya nitajua. Alipokufa, alikuwa anakwenda au alikuwa anarudi?"

Niliona jinsi neno zuri lilivyomjia mdomoni. Lilikuwa jepesi, na lingenipoza, na hakuna aliyebaki wa kulipinga.

"Alikuwa anakwenda," alisema. "Alitaka miezi miwili mingine. Alisema ukikasirika utakasirika, na kwamba hasira zako hazijawahi kumaliza wiki."

Iliniuma kuliko kifo chenyewe. Lakini ni mume wangu yule, sauti yake kabisa, na sasa nikaamini. Na Mungu anisamehe, kwa jibu lile nikampenda zaidi aliyenipa.

"Simama," nilimwambia. "Twende ukamwambie mama."

"Wewe mwambie. Mimi siwezi."

"Mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo."

*

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, ungo mapajani, akichambua mchele. Kobe alipiga magoti sakafuni akasema yote, kwa mpangilio ule ule, bila kujitetea. Mama mkwe hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe, vikilipata moja vinalitupa pembeni, na hicho ndicho kitu kilichoniogopesha zaidi siku ile.

Alipomaliza, mama mkwe aliuliza, "Hizo siku mbili ambazo hukuwepo, nani alikuwa naye?"

"Mama wa mwenye nyumba. Bibi mmoja. Aliniambia alimkalia kitandani mpaka mwisho, alimshika mkono."

"Alimwitaje?"

Kobe aliinamisha kichwa. "Kwa jina langu, mama. Ndilo walilokuwa nalo."

"Na yeye aliitika?"

"Bibi alisema aliitika."

Jiwe lingine likaenda pembeni. "Alikuwa na adabu, mwanangu," mama mkwe alisema. "Hakutaka kumsahihisha mtu mzima." Kisha, kwa sauti ile ile, kana kwamba anauliza bei ya mchele: "Umesema ndugu zako waliitwa, wakazika."

"Ndiyo, mama."

"Mama yako yupo?"

Kobe alitazama ungo.

"Nimekuuliza. Mama yako yupo hai?"

"Yupo."

"Anajua kwamba uko hai?"

Hapo nami nikashtuka. Nilikuwa nimesikia hadithi yote uani, nikalia, nikagomba, nikauliza langu, na hilo la mama yake halikunipitia kichwani hata mara moja.

"Nilipiga simu," Kobe alisema polepole. "Mwezi wa pili baada ya maziko. Akapokea yeye. Alisema halo mara tatu, sauti imekauka. Nilishindwa kusema. Akasema, 'Kama ni mzaha, Mungu anakuona.' Nikakata. Nikajiambia nitarudi nikishaleta habari hapa kwanza. Nikishalipa hili ndiyo nitakuwa na uso wa kwenda kwake."

Mama mkwe aliweka ungo chini. Alisimama, na sikuwa nimewahi kumwona mrefu vile.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu mimi nakataa kulia kwa sababu sijaona mwili, na kuna mwanamke mwenzangu analia na mwili wenyewe unakula mchele wangu! Wewe una moyo wa nyama au wa nini? Basi la kwenu linaondoka saa ngapi?"

"Saa nane. Lakini mama..."

"Utapanda."

"Nitampigia simu leo hii, mama, naapa..."

"Simu! Maiti ipige simu? Unataka aanguke afe kweli, tuzikane tena kwa makosa? Utakwenda kwa miguu yako, ufike mchana watu wakiwepo, atangulie jirani kumwandaa, kisha akushike. Akushike mikono na kichwa. Mama haamini kwa masikio." Alinigeukia mimi, na macho yake yalikuwa makavu, mekundu. "Mfungie chakula. Njia ni ndefu."

*

Nilimfungia chakula. Kitambaa nikakifunga mara mbili. Aliingia na begi lake begani, akasimama mlangoni.

"Sema nibaki, nitabaki," alisema. "Mpaka Ijumaa tu, nisimame na wewe mbele ya shangazi. Siku nne hazitamuua mama yangu."

Sitadanganya. Nilitaka kusema. Nilikuwa nimekuwa mjane kwa saa mbili, na mtu pekee niliyetaka anishike alikuwa hapo mbele yangu, hatua tatu tu. Kama angezitembea hatua zile tatu nisingekuwa na nguvu.

"Ningekuwa mimi ndiye mama yako," nilimwambia, "ningemlaani mwanamke aliyekuzuia hata saa moja."

"Ukinituma hivi, nitajua umenikataa."

"Bado sijakukataa. Nimekukasirikia, na mwenyewe umeniambia hasira zangu hazimalizi wiki." Nikakaza fundo la kitambaa. "Lakini siwezi kumpenda mtu aliyekufa. Mmoja ananitosha. Nenda ukawe hai kwanza. Halafu kama bado unanitaka, njoo na jina lako, kwa mlango wa mbele, mchana, shangazi akiwepo."

Akanitajia jina lake pale pale, kwa sauti ndogo, jina kamili na la baba yake. Nililirudia mara moja ili nisikie linavyokaa mdomoni mwangu. Kisha akaondoka, na sikumsindikiza stendi.

Ijumaa shangazi alikuja na kaka yake. Walipoambiwa, shangazi alifunika uso kwa khanga na kulia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Mama mkwe aliwahudumia chai watu wote. Yeye bado hakulia. Alizunguka na birika, akipanga vikombe, na kila aliyemwambia "pole" alimjibu "asante, sukari hiyo hapo."

*

Simu ililia Jumapili asubuhi, simu ya nyumba, ile ambayo namba yake imeandikwa kwenye bango letu. Namba ngeni. Nilipopokea, mwanamke mtu mzima alisema jina alilonitajia Kobe, akasema, "Mimi ni mama yake."

Nikakaa kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama. Amefika salama?"

"Amefika. Amelala. Tangu juzi analala nami namkalia tu, namhesabu pumzi. Ameniambia habari zako, mwanangu, na tutaziongea, si leo. Leo natafuta mwenye mtoto. Yupo?"

Mama mkwe alikuwa ameshasimama nyuma yangu. Nikabonyeza simu iongee kwa sauti, nikampa.

Hawakusalimiana. Mama mkwe akauliza kitu ambacho, nadhani, alikuwa amekiweka siku zote sita akikitafutia mtu wa kumuuliza.

"Dada, hapo alipo, anapigwa na jua?"

"Hapana, dada," mwanamke yule alisema. "Nilimpandia mti mwaka ule ule. Sasa umekua, una kivuli. Nilikuwa nakwenda kila mwaka, nafagia, nakaa naye kutwa, nampa habari za nyumbani. Habari za kwetu zote anazijua. Mwanao hakukaa peke yake. Njoo nikukabidhi."

Mama mkwe alifungua mdomo kumshukuru. Badala ya shukrani ilitoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, ndefu, kutoka chini kabisa. Simu ikamponyoka. Nikamshika kabla hajaanguka, tukakaa wote sakafuni, nami nikamlilia mume wangu kwa mara ya kwanza kama anavyoliliwa mume, kwa kumwita jina lake mwenyewe, mara nyingi, mama mkwe akiliita na mimi nikiliita.

Simu ilikuwa bado wazi pale chini. Kwa mbali nikasikia sauti ya mwanamume, nzito ya usingizi, nikaijua. Ilikuwa inauliza, "Mama, kuna nini huko?"

"Rudi ulale, mwanangu," mama yake alimjibu. "Wafiwa wanalia. Waache walie."